Mafua yasimfanye mgonjwa wa kisukari kuacha insulini

UPEPO wa kusi unapovuma na mvua ya masika kulowesha barabara za Shimanzi, mafua huenea upesi miongoni mwa watu wanaofanya kazi bega kwa bega maghalani, karibu na bandari ya Kilindini. Kwa wengi, ugonjwa huu ni usumbufu wa wiki moja tu. Lakini kwa mwenye kisukari anayetegemea sindano ya insulini, mafua hayo hayo yaweza kumlaza hospitalini iwapo atafanya kosa moja.

Kosa lenyewe ni kuacha insulini kwa sababu hana hamu ya kula. Kibarua aliyeshinda kitandani bila kuonja chochote ila chai ya rangi hudhani kwamba, maadamu hajala, sukari yake imeshuka. Mara nyingi mambo huwa kinyume.

Mwili unapopambana na maradhi hutoa homoni kama kotisoli na adrenalini. Homoni hizi hulifanya ini litoe sukari liliyoihifadhi, na wakati huo huo huipunguzia insulini nguvu. Ndiyo maana sukari hupanda hata tumbo likiwa tupu. Insulini ikikosekana, mwili hushindwa kuitumia sukari hiyo, nao huanza kuyeyusha mafuta yake. Hapo hutokea asidi ziitwazo ketoni, ambazo zikizidi katika damu zaweza kuua.

Kwa hivyo, insulini ya muda mrefu, ile inayofanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, haifai kuachwa hata siku moja. Kinachoweza kubadilika ni kiasi cha dawa, tena kwa maelekezo ya daktari. Ni busara kuyapata maelekezo hayo mapema, mtu akiwa mzima.

Wakati wa mafua, mgonjwa anahitaji kupima sukari takriban kila baada ya saa nne, usiku ukiwamo, na kunywa maji mara kwa mara. Ikizidi milimoli 14 kwa lita, apime pia ketoni kwa vijiti vya mkojo. Chakula kikimshinda, uji mwepesi au supu humsaidia. Ikishuka chini ya milimoli 4, hapo soda yenye sukari au asali huwa ndiyo dawa.

Hatari nyingine imo katika duka la dawa. Wengi huomba "dawa ya mafua" bila kumweleza mwuzaji kwamba wana kisukari. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina sukari, ingawa zipo zisizokuwa nayo. Vidonge vya kuzibua pua vyenye sudoefedrini au fenilefrini vyaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Prednisoloni nayo hupandisha sukari sana. Viuavijasumu havitibu mafua, kwani mafua huletwa na virusi.

Kwa homa na maumivu, parasetamoli kwa kawaida ni salama, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Asome maandishi ya pakiti, kwa kuwa vidonge vingi vya mafua tayari vina parasetamoli ndani yake. Chai ya tangawizi na ndimu haina ubaya ikinywewa bila sukari wala asali. Kusukutua koo kwa maji ya chumvi pia hutuliza.

Sukari ikikataa kushuka, insulini yenyewe ichunguzwe. Chupa inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa wiki nne hivi, lakini si katika joto linalozidi nyuzi 30. Mkoba ulioachwa chini ya paa la mabati huiharibu. Asiye na jokofu aweza kuihifadhi ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini.

Kutapika mfululizo, maumivu ya tumbo, kupumua kwa haraka na kwa kina, harufu ya matunda kinywani au usingizi usio wa kawaida si dalili za mafua. Ni dalili za ketoni. Mgonjwa apelekwe mara moja katika Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, iliyomo kisiwani humo humo, au kituo cha afya kilicho karibu, bila kungoja kupambazuke.