Bi. Ghazala Hashmi na Kiti cha Pili cha Virginia

Jumanne ya tarehe 4 Novemba 2025, wapiga kura wa jimbo la Virginia nchini Marekani walimchagua Bi. Ghazala Hashmi kuwa Naibu Gavana wao. Kwa ushindi huo akawa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kuchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima katika historia ya nchi hiyo. Siku hiyo hiyo jiji la New York lilimchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kuwa meya, na huku kwetu Afrika Mashariki habari ya kijana huyo ikaimeza ya mama huyu. Ni haki tuirejee, kwani ndani yake mna mengi ya kuwanufaisha akina mama na mabinti zetu, yakiwemo ambayo huenda wasiyafurahie.

Kwanza tukifahamu cheo chenyewe. Hapa Kenya naibu gavana huteuliwa na mgombea wa ugavana, wakapigiwa kura pamoja kama mtu na kivuli chake. Virginia si hivyo. Kila mmoja huomba kura zake peke yake, na yawezekana gavana akatoka chama hiki na naibu wake chama kile. Ndivyo ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa 2005, Tim Kaine wa Democratic alipotawala na naibu wa Republican, Bill Bolling. Kazi za naibu ni chache: huongoza vikao vya Seneti ya jimbo, na kura za maseneta 40 zinapolingana, yake ndiyo huamua. Mshahara wake ni dola elfu 36 hivi kwa mwaka, kiasi kidogo mno kwa Marekani. Lakini katika baraza ambalo chama kimoja kina viti 21 na kingine 19, mwenye kura ya kuamua si mtu wa kupuuzwa.

Bi. Ghazala, ambaye jina lake kwa Kiarabu ni swala jike, alizaliwa Hyderabad, India, mwaka 1964. Akiwa na umri wa miaka minne alichukuliwa na mama yake, pamoja na kaka yake, wakamfuata baba aliyekuwa msomi wa chuo kikuu huko Georgia, kusini mwa Marekani. Zilikuwa siku ambazo shule za kusini zilikuwa bado zinahangaika kuwachanganya watoto weusi na weupe. Binti huyo alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kimarekani kutoka Chuo Kikuu cha Emory. Mwaka 1991, akiwa bibi harusi mpya, alihamia na mumewe eneo la Richmond, mji mkuu wa Virginia. Huko akalea mabinti wawili na kufundisha kwa takriban miaka 30, kwa muda mrefu zaidi katika chuo cha jamii, ambako husoma vijana wa kipato cha chini na watu wazima wenye ajira. Siasa hakuwa nayo habari.

Kilichomtoa darasani ni amri ya Januari 2017, ambayo kwayo Rais Donald Trump aliwafungia mlango wa Marekani raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, zikiwemo Somalia na Yemen. Familia nyingi za pwani yetu zina jamaa katika nchi hizo mbili na wanalijua chungu lake. Bi. Ghazala ameeleza kuwa amri ile ilimfanya ajiulize kama nchi aliyokulia ni kwake kweli. Mwaka 2019, bila ya kuwahi kugombea cheo chochote, alimshinda seneta aliyekuwa madarakani, na ushindi wake ukakisaidia chama cha Democratic kulitwaa bunge la jimbo. Baadaye akaongoza kamati ya Seneti ya elimu na afya.

Mtihani wake mkubwa haukuwa Novemba. Ulikuwa mchujo wa chama chake, tarehe 17 Juni 2025, penye wagombea sita. Kati yao walikuwamo aliyekuwa meya wa Richmond, Levar Stoney, na seneta mwenzake, Aaron Rouse. Bi. Ghazala alipata takriban asilimia 27 tu ya kura, akamtangulia Stoney kwa chini ya asilimia moja. Huko hakuna duru ya pili. Anayeongoza, hata kwa unywele, ndiye mshindi.

Katika uchaguzi wenyewe alipambana na John Reid wa Republican, mtangazaji wa redio. Bi. Ghazala hakukubali mdahalo naye. Reid akaandaa mdahalo na sura na sauti yake iliyotengenezwa kwa akili unde, akaihoji mbele ya watu. Mchezo ule ulikuwa wa kuchukiza, na mabinti wanaotamani uongozi wajue kuwa silaha hiyo itawafika. Hata hivyo naona mama huyu alikosea kuukwepa mdahalo. Mwalimu wa miaka 30 angekuwa na hofu ya nini? Alishinda kwa zaidi ya asilimia 55.

Wala tusimpambe kwa rangi zisizo zake. Hakuomba kura kwa jina la Uislamu, ingawa hakuuficha. Alinadi shule za umma, gharama za matibabu, na haki ya wanawake kutumia dawa za kupanga uzazi na kutoa mimba. Katika hilo la mwisho Waislamu wengi hawatakuwa pamoja naye, na kumpongeza hakumlazimu mtu kukubaliana naye.

Katiba ya Virginia hairuhusu gavana kuomba muhula wa pili mfululizo, ndiyo maana naibu huitazama ngazi ya juu mapema. Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa, alichaguliwa naibu mwaka 1985, na mwaka 1989 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana nchini humo. Winsome Earle-Sears, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa naibu kabla ya Bi. Ghazala, aliijaribu ngazi hiyo mwaka 2025 akaanguka mbele ya Abigail Spanberger, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa jimbo hilo. Bi. Spanberger naye hataweza kugombea mwaka 2029.