Kijiji cha wakimbizi waliojifunza kupumua pamoja

Mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo, mpaka Ufaransa, lakini mtaona wenyewe kwamba mambo ya huko si mageni kwetu. Tunataka kuwaeleza habari za Plum Village, kijiji cha watawa wa dini ya Kibudha kilichoanzishwa mwaka 1982 na watu waliotoka Vietnam, nchi iliyopigana vita miaka mingi. Tumekichagua kwa sababu moja. Katika miaka yake ya kwanza, familia za wakimbizi zilikwenda pale zikiwa na shida ile ile tunayoiona hapa kambini: vita mmeshaikimbia, lakini imewafuata mpaka ndani ya nyumba. Baba haongei na mama, mtoto hamsikii mzazi, na kila mtu ana hasira ambayo hajui aipeleke wapi.

Tuseme mapema, maana kambi yetu tunaijua: hapa hakuna anayeitwa aache kanisa lake au msikiti wake. Mwanzilishi wa kijiji hicho mwenyewe hakupenda watu watupe dini za wazazi wao. Mwaka 1995 alitoa kitabu kizima juu ya Buda na Yesu, na wageni wa Ulaya waliomfuata aliwashauri wasikate mizizi ya kwao. Wabudha hawamwabudu Buda kama Mungu muumbaji. Wanamfuata kama mwalimu aliyeishi India karibu miaka 2,500 iliyopita, akatafuta dawa ya mateso ya binadamu. Mtu anaweza kujifunza kwao namna ya kutulia na kusikilizana, na bado Jumapili akaenda misa, au Ijumaa akaenda kuswali.

Mwanzilishi huyo ni Thich Nhat Hanh. Wanafunzi wake walimwita Thay, yaani mwalimu. Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Hue, akaingia utawa akiwa na miaka 16. Vita ilipokolea, watawa wakawa na swali gumu: tubaki hekaluni tukitafakari, au tutoke tukawasaidie watu wanaopigwa mabomu? Yeye na wenzake wakasema yote mawili. Waliwafundisha vijana kwenda vijijini kujenga nyumba, shule na zahanati. Kijiji kimoja, Tra Loc, kililipuliwa, wakakijenga. Kikalipuliwa tena, wakakijenga tena, na si mara mbili tu. Hawakuegemea upande wowote wa vita, na sisi tunajua yanayompata mtu asiye na upande: wote wanamshuku. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kuomba vita isimame, na baada ya hapo akazuiwa kurudi kwao. Mwaka 1967 Martin Luther King alimpendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani. Tuzo hakuipata, na nchi yake hakuikanyaga tena mpaka mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: miaka 39.

Vita ya Vietnam iliisha mwaka 1975, lakini watu wakaendelea kukimbia, wengi kwa mashua ndogo baharini. Mwaka 1976 na 1977 Thay na wenzake walikuwa Singapore wakikodi meli za kuwaokoa watu hao majini kwa siri, kwa sababu nchi za jirani hazikuwataka. Serikali ilipogundua, polisi walimjia usiku, wakampa saa 24 awe ameondoka nchini, na huku baharini kuna mamia ya watu ndani ya meli wakingoja. Ungefanya nini? Yeye alikesha akitembea pole pole chumbani na kufuata pumzi yake, mpaka alfajiri likamjia wazo la kumwomba balozi wa Ufaransa awaombee. Balozi akakubali, wakaongezewa siku kumi.

Kutokana na mambo ya wakati ule, alipenda kutoa mfano wa mashua. Mashua imejaa, dhoruba inakuja. Wote wakitaharuki na kusimama, inapinduka. Lakini akiwemo hata mtu mmoja aliyetulia, wengine wanamtazama usoni, wanakaa, wanavuka. Wenzetu waliovuka Ziwa Tanganyika usiku hawahitaji kuelezwa zaidi. Mafundisho yote ya kijiji hicho, ukiyatazama vizuri, ni namna ya kumpata huyo mtu mmoja ndani ya kila nyumba.

Sasa tuingie kijijini. Kiko kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika nyumba za zamani za mashamba ambazo Thay na mtawa mwenzake Chan Khong walizipata mwaka 1982. Mwanzoni walitaka kupanda matunda mengine, ardhi ikawakatalia kwa mawe yake, wakapanda plamu, tunda linalofanana na zambarau ila ni kubwa zaidi. Walipanda miti 1,250. Watoto walitoa akiba zao ndogo kununua miche, na faida ya matunda ikawa inapelekwa kwa watoto wenye shida Vietnam. Hilo lilitufurahisha sana: watoto wa wakimbizi wakipanda miti ugenini ili wawasaidie wenzao waliobaki nyumbani.

Kila kiangazi, shule zikifungwa, familia zilikwenda kukaa pale. Watoto walijifunza lugha ya Kivietnam ili waweze kuongea na bibi na babu zao. Baadaye wakaanza kuja watu wa mataifa mengi, na leo ni maelfu kila mwaka, lakini mambo yanayofanyika ni yale yale, na mengi hayahitaji pesa.

La kwanza ni kengele. Hawasemi "piga kengele", wanasema "ialike ilie". Ikilia, kila mtu anaacha alichokuwa akifanya. Anayepika anashusha mwiko, anayesema anakatisha neno, wote wanavuta pumzi taratibu na kuitoa, mara tatu, wakijua kwamba wanapumua. Kisha kazi inaendelea. Hata simu ikilia ofisini wanafanya hivyo kabla ya kuipokea. Mtu anaweza kucheka, ati kupumua ndiyo mafundisho? Lakini jiulize ni maneno mangapi ya nyumbani kwako yasingesemwa kama kungekuwa na pumzi tatu kabla yake.

Halafu kuna kutembea. Wanatembea pamoja, kimya, pole pole, wakubwa wamewashika watoto mikono, wakilinganisha hatua na pumzi. Fundisho lake ni kwamba kwenye kila hatua mtu amekwisha kufika, yuko nyumbani. Hapo tulisita. Mtu aliyechomewa nyumba yake, unamwambiaje kwamba yuko nyumbani? Lakini anayesema hivyo ni mtu aliyekaa uhamishoni miaka 39, na wala hakuacha kutaka kurudi. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, baada ya kupigwa na kiharusi mwaka 2014, alirudi Hue katika hekalu alikoanzia utawa, na akafariki huko tarehe 22 Januari 2022. Kwa hiyo sisi tunalielewa fundisho hilo hivi: usisubiri mpaka siku ya kurudi ndipo uanze kuishi na watoto wako. Wanakua sasa hivi, hapa hapa.

Chakula hawali nyama, na mwanzo wa mlo hula kimya, kila mtu akifikiri ni mikono mingapi imefanya kazi mpaka kikafika kwenye sahani. Hilo tunalipita haraka. Siku ambazo mgao umechelewa, hakuna anayehitaji kukumbushwa kukifikiria chakula.

Jambo ambalo tungependa mlisome mara mbili ni lile wanaloliita Kuanza Upya. Watawa wenyewe hulifanya mara kwa mara, na familia zinafundishwa walifanye nyumbani. Watu wanakaa kwa duara, katikati kuna ua. Anayetaka kusema analichukua, na akiwa nalo mkononi hakuna wa kumkatisha. Kwanza anataja mema ya mwenzake, mambo aliyoyaona kweli, si sifa za harusini. Hiyo wanaiita kumwagilia maua, kwa sababu mtu asiyeambiwa jema lolote ananyauka kama mmea. Pili anasema yale ambayo yeye mwenyewe anajuta kuyafanya. Tatu, kama lipo, anasema kilichomuumiza, kwa sauti ya chini, bila kumtukana wala kumhukumu mwenzake. Wengine wanasikiliza tu. Hata kama anayosema si sawa, hawajibu pale pale. Siku nyingine, mambo yakipoa, ndipo wanarekebisha.

Na kama hasira imekuja leo? Hawasemi uimeze. Wanasema usiongee ukiwa unawaka, ila usikae nayo zaidi ya saa 24 bila kumwambia mwenzako. Unamwambia kwamba umeumia, kwamba unajitahidi, na kwamba unaomba akusaidie. Kisha mnapanga kukutana Ijumaa jioni kuliongea. Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu kuna siku za katikati za kila mmoja kujitazama, na mkipatana mnakuwa na mapumziko mazuri ya mwisho wa wiki pamoja.

Kwetu akina baba hili ni gumu. Wengi tumelelewa kwamba mwanamume haombi msaada kwa mke wake. Halafu tunakaa bila kazi, shamba hatuna, tunatazama mke akienda kupanga foleni, heshima inaonekana imebaki ng'ambo ya mpaka, na jioni tunaitafuta kwenye gongo au lotoko. Kijijini kule pombe haiingii kabisa. Ni mojawapo ya ahadi tano wanazofundisha, pamoja na kutoua, kutoiba, kuwa waaminifu katika mapenzi, na kusema na kusikiliza kwa upendo. Tunaona ahadi hiyo ya kusikiliza ndiyo ngumu kuliko ya pombe.

Watoto nao wana yao. Mtoto anaokota vijiwe vinne, anavisafisha, anavitia katika kifuko alichoshona mwenyewe. Anakaa, anashika kijiwe kimoja baada ya kingine na kupumua mara tatu kwa kila kimoja. Cha kwanza ni ua: niko mpya. Cha pili ni mlima: niko imara. Cha tatu ni maji yaliyotulia: naona mambo kama yalivyo. Cha nne ni anga: nina nafasi, niko huru. Tena wanashauri kila nyumba iwe na chumba kidogo cha kupumulia, ambako mtoto akisikia wazazi wanagombana anaweza kuingia akaialika kengele. Chumba kizima sisi tutakitoa wapi, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha shitingi? Kona ya mkeka inatosha, au kivuli cha nyuma ya nyumba. Sufuria ikigongwa kwa kijiko nayo inalia vizuri tu. Lakini mjue, mtoto akiigonga, mkubwa ndiye anayetakiwa kunyamaza. Ukimchapa kwa kuigonga, mchezo umekwisha.

Liko fundisho moja ambalo wengi wetu tutalibishia. Mwaka 1978 Thay aliandika shairi baada ya kupata habari za msichana wa miaka 12, mkimbizi, aliyenajisiwa na haramia katika mashua, kisha akajitupa baharini akafa. Alikasirika kama ambavyo mtu yeyote angekasirika. Lakini baada ya kukaa nalo muda mrefu alisema ameona kwamba kama naye angezaliwa katika kijiji cha yule haramia, akalelewa kwa njaa na ujinga ule ule, huenda leo angekuwa haramia. Hakusema haramia hana kosa. Alisema watoto wengine wanazaliwa kila siku kwenye fukwe hizo, na tusipofanya kitu watakua hivyo hivyo.

Tulibishana sana ofisini kuhusu aya hii. Baadhi yetu wamefiwa na watu wao kwa namna ambayo haiandikiki, na hawataki kusikia habari za utoto wa muuaji. Tunawaelewa, na hakuna anayeweza kumlazimisha mtu afike huko. Tumeiacha kwa sababu ya neno hilo la watoto wanaozaliwa. Nao wako hapa kambini pia, wa kwetu, wanatusikia usiku tukitaja kabila fulani.

Tahadhari moja, na tunaomba mwiheshimu. Mtu aliyeona mambo mabaya, akifumba macho na kukaa kimya, picha zinaweza kumrudia kwa nguvu. Asilazimishwe. Afungue macho, asimame, atembee nje, ashike kitu mkononi. Kama halali usiku au anasikia sauti, aende kwa mhudumu wa afya. Kupumua hakuchukui nafasi ya dawa wala ya ushauri.

Mtauliza kama mambo haya yako Ulaya tu. Hapana. Uganda kuna kituo cha Kibudha huko Garuga, karibu na Entebbe, kilichofunguliwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyelelewa katika Ukristo akaupata Ubudha alipokwenda kusoma India. Ni tawi jingine la Ubudha, lakini kutulia na kufuata pumzi ni kule kule. Dar es Salaam nako liko hekalu tangu enzi za ukoloni, lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka.

Familia itakayojaribu kukaa Ijumaa jioni, hata kwa dakika kumi na ua la maboga katikati, tunaomba ituandikie ilikuwaje, ikiwa ni vizuri au vibaya. Barua zitiwe katika sanduku letu kama kawaida. Tutazitoa toleo lijalo bila majina, na asiyejua kuandika aje, tutamwandikia.