Nokauti (umeme)

Nokauti ni duara dogo la bati kwenye ubavu au mgongo wa boksi la umeme la chuma. Hukatwa kiwandani karibu mzunguko wote, likabaki limeshikiliwa na kishikizo kimoja au viwili vyembamba. Fundi huligonga likatoka, na tundu linalobaki hupitisha waya au paipu. Jina limetokana na Kiingereza, likiwa na maana ya kugonga kitu kitoke. Ni neno lilelile la ndondi.

Maboksi ya aina ya Uingereza, yanayotumika pia Kenya na Tanzania, huwa na nokauti za milimita 20, na baadhi za 25. Amerika Kaskazini paipu inayoitwa ya nusu inchi huhitaji tundu la milimita 22 hivi, kwa kuwa kipimo cha jina si kipimo cha tundu.

== Kuondoa ==
Ncha ya bisibisi bapa huwekwa ukingoni mwa duara, upande ulio mbali na kishikizo, kisha hugongwa kwa nyundo. Duara hufunguka kama mlango kwenye bawaba. Hapo hushikwa kwa plaisi na kupindwa huku na huku mpaka chuma kichoke na kukatika. Wengi hukosea kwa kugonga katikati: nguvu husambaa, bati huingia ndani na boksi hupinda, lakini nokauti haitoki.

Nokauti hukaidi kwa sababu kadhaa. Rangi au kutu huweza kuziba mkato, na bati likiwa nene vishikizo nacho huwa vigumu. Tatizo kubwa zaidi ni boksi lililokwisha kujengewa ukutani, ambapo hakuna nafasi ya kugonga kutoka nje. Njia mojawapo ni kutoboa tundu dogo katikati ya duara kwa drili, kukaza skrubu humo, kisha kuivuta kwa plaisi. Kwa hiyo ni busara kuchagua matundu na kuyafungua kabla ya boksi kufungwa.

Maboksi makubwa huwa na pete zinazozungukana. Huanzwa na duara la katikati, kisha pete moja baada ya nyingine kwenda nje, mpaka ufikiwe ukubwa unaotakiwa. Mara nyingi pete hizo hutoka kwa kupishana, moja kuelekea ndani na inayofuata kuelekea nje. Ikitoka pete moja zaidi, haiwezi kurudishwa. Hutumika washa maalumu za kupunguza tundu.

== Usalama ==
Kazi hii hufanywa umeme ukiwa umezimwa na kupimwa. Katika boksi la breka, duara linaloanguka juu ya vyuma vyenye umeme huweza kusababisha shoti na mlipuko wa moto usoni mwa fundi. Vumbi la chuma kutoka kwenye drili nalo lazima liondolewe.

Hatari nyingine haionekani siku hiyo. Ukingo wa tundu ni mkali kama wembe na huweza kula ganda la waya polepole. Waya ukigusa chuma, boksi lote hupata umeme; kama halikuunganishwa na waya wa ethi, anayeligusa anaweza kufa. Ndiyo maana ukingo husuguliwa kwa tupa na kuvishwa pete ya mpira, au paipu hufungwa kwa nati zake. Tundu lililofunguliwa bila kutumika huzibwa kwa kizibo chake, kuzuia vidole, panya na wadudu.