Chuo Kisicho na Bweni

Chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Leo vyuo vya aina hiyo vinakaribia 1,000. Masomo ya cheti au shahada ya mwanzo huchukua miaka 2, ada ni nafuu, na karibu kila aliyemaliza sekondari anapokelewa. Vingi havina bweni. Kipindi kikiisha, mwanafunzi anakimbilia kazini au kumfuata mtoto shuleni, kwa hiyo hata akianza kudhoofika hakuna wa chumba kimoja atakayemshtukia.

Mwaka 2021 Sarah Ketchen Lipson na wenzake wa mradi wa Healthy Minds walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 10,000 wa vyuo hivyo. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za tatizo la afya ya akili, kama sonona au wasiwasi uliokithiri. Wenzao wa vyuo vya miaka 4 hawako mbali nao kwa hilo. Wanapoachana ni kwenye tiba: wa vyuo vya jamii huipata kwa uchache zaidi, na kikwazo kikubwa ni fedha.

Mwili nao una hesabu zake. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana kwenye ubongo na kuleta usingizi. Kahawa huziba vipokezi vya adenosini tu. Deni la usingizi linabaki palepale. Na ni katika usingizi mzito ambapo hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hurudia yaliyosomwa mchana ili yakae. Anayetoka zamu ya usiku na kuingia darasani asubuhi amesoma, lakini ubongo haukupewa nafasi ya kuyahifadhi. Asiyelala vya kutosha pia huwa mwepesi wa hasira na hofu, jambo ambalo watu hulichukulia kuwa tabia yake.

Njaa ndiyo inayonikera zaidi. Ili apate msaada wa chakula wa serikali, SNAP, mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo hutakiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, asipokuwa na sababu maalumu ya kusamehewa. Yaani tunamwambia mwenye njaa apunguze usingizi kwanza!

Amarillo College, chuo cha jamii huko Texas, kiliamua kuanzia kwenye chakula: kina ghala lake, maofisa wa ustawi wa jamii, na fedha za dharura kwa anayekaribia kukatiwa umeme.