Kikao Ndani ya Bajaji

Saa mbili usiku, dereva mmoja wa bajaji huegesha chombo chake karibu na viwanja vya Tanganyika Packers hapa Kawe, hushusha maturubai ya pembeni, huchomeka hedifoni masikioni, kisha hunipigia. Tunazungumza dakika 40. Chumba alichopanga Ukwamani kina ukuta usiofika juu. Jirani akikohoa upande wa pili, yeye huku anasikia. Akilia, jirani naye atasikia. Kwa hiyo bajaji ndiyo chumba chake cha unasihi. Ameniruhusu kusema hayo, na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha au kuyabadili.

Siku ya kwanza hakuanza na usingizi uliomkimbia miezi minne. Alianza na pesa: "Dokta, mimi sina bima. Hii ya kwenye simu ni shilingi ngapi?"

Mimi ni mnasihi, si daktari, lakini mtaani kwetu kila anayesikiliza shida za watu huitwa dokta. Na swali lake ndilo la wengi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, ila mama lishe, fundi na dereva wa chombo cha mkataba wengi wao bado wanalipa taslimu dirishani hata wakiumwa malaria. Mtu wa namna hiyo akisikia moyo mzito, hujiambia mawazo yatapita yenyewe.

Vijana wanaojua kutafuta mtandaoni hukutana kwanza na kampuni za Marekani. BetterHelp, mojawapo ya zile kubwa, hutoza zaidi ya dola 60 kwa wiki. Ukiihesabu dola kwa Sh2,500, hizo ni Sh150,000 kwa wiki, zaidi ya Sh600,000 kwa mwezi. Pesa hiyo hulipa kodi ya chumba Ukwamani miezi kadhaa. Na hata ukiwa nayo, utatumia nusu ya kikao kumweleza mtu wa ng'ambo deni la kikoba ni nini na kwa nini huwezi kumwambia baba mkubwa aondoke nyumbani kwako. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni hiyo ilipe dola milioni 7.8, kwa kuwa taarifa za watu walioomba msaada zilifikishwa kwa makampuni ya matangazo, Facebook na Snapchat zikiwamo. Siwakatazi wenye uwezo. Ninachosema ni kwamba mkazi wa Kawe asidhani hiyo ndiyo bei ya msaada duniani kote.

Mimi humshauri asiye na bima aanzie mahali ambapo hapana mtandao kabisa: hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Kinondoni ni Mwananyamala, kwa Temeke ni hospitali ya Temeke, na Muhimbili ina idara nzima ya afya ya akili. Nenda siku moja, ukapimwe na kusikilizwa ana kwa ana. Kama huna pesa, usigeuke kurudi nyumbani; uliza ilipo ofisi ya ustawi wa jamii. Sera yetu ya msamaha wa matibabu inawataja wagonjwa wa akili miongoni mwa wanaostahili, na afisa ustawi wa jamii ndiye anayeushughulikia. Watu wengi hawaujui mlango huo, au wanaujua wakaona aibu kuubisha. Ukishafunguliwa faili, muulize anayekuhudumia kama vikao vinavyofuata vinaweza kufanyika kwa simu. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na siku ya kazi iliyopotea, ndiyo inayowakatisha wengi, hata pale huduma yenyewe inapokuwa bure.

Wanasihi binafsi nao wapo, na wengi wetu tuna bei mbili: ile iliyoandikwa na ile ya mtu aliyesema ukweli kuhusu kipato chake. Iulize kabla ya kikao cha kwanza. Muulize pia amesomea wapi na nani anamsimamia, maana siku hizi mtu akiwa na wafuasi Instagram hujiita mtaalamu wa saikolojia. Muhimbili, kile chuo kikuu cha afya, kinafundisha saikolojia tiba hadi shahada ya uzamili, na wanafunzi wa fani hii hufanya mazoezi chini ya walimu wao. Mwanafunzi anayesimamiwa vizuri ni bora kuliko mjuaji asiye na wa kumuuliza. Kwa watoto iko namba 116, bila malipo. Namba 199 ya Wizara ya Afya, nayo ya bure, ni ya maswali ya afya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hupunguza gharama kuliko punguzo lolote: idadi ya vikao. Wengi wanaogopa kuanza kwa kudhani unasihi hauna mwisho. Mwaka 2006, huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mgonjwa wake mmoja alikuwa amejiua, na familia ikamweleza kwamba walishindwa kumleta kwa kukosa nauli ya basi, dola 15. Mabibi wale walitumia vikao sita tu, na mgonjwa aliondoka kwenye kila kikao na kazi moja ya kufanya. Utafiti wa mpango huo uliotoka mwaka 2016 ulifuatilia watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliokaa benchini, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar.

Na simu je? Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Chicago uliowagawa wagonjwa 325 wa sonona: nusu walitibiwa ana kwa ana, nusu kwa simu. Waliokatiza tiba walikuwa wengi zaidi upande wa ana kwa ana, na matibabu yalipoisha pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu sawa. Miezi sita baadaye, waliokutana uso kwa uso walikuwa wamesimama vizuri zaidi kidogo. Mimi nausoma hivi: simu humfanya mtu asikate tamaa njiani, na kukutana mara moja moja huimarisha. Tena ni simu ya sauti tu, kwa dakika za kawaida. Video hula bando, hukatika pale mtu anapoanza kufunguka, na kulazimika kurudia jambo zito ulilolisema kwa shida kunaumiza.

Pesa zikishapatikana, kinachobaki kigumu zaidi uswahilini ni mahali pa kuongelea. Mama mmoja wa Mzimuni alikuwa akinipigia usiku, mume akauliza anaongea na nani muda wote huo, tukapoteza wiki mbili. Tukahamishia saa nne asubuhi, akirudi sokoni, anapita ufukweni na kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwingine huongea jirani anapofungulia redio ya mechi. Na wote nakubaliana nao neno moja: akiniambia "ule mzigo nitauleta kesho," najua mtu ameingia, nami nageuza mazungumzo kuwa ya biashara. Simu inayoshikwa na watu wawili haifai kuachiwa meseji za siri; futa, au tuongee bila kuandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, lakini haimzuii shemeji kuchukua simu mezani.

Kuna hali ambazo simu haizifai, na mnasihi anayezipokea anakosea. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, mzazi mpya anayejiona atamdhuru mtoto, mtu aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku amechangamka kupita kiasi: hao wapelekwe hospitali. Anayetumia heroini, Mwananyamala na Temeke wana kliniki za methadoni. Na anayefikiria kujiua aende dirisha la dharura leo, akisindikizwa na mtu anayemwamini. Kanuni yetu ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa tangu ukoloni, na nimeona familia zikificha tukio kwa kuogopa polisi, nyingine kwa kuogopa kusikia mtaani kwamba fulani ni wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kuficha huko kunaua. Mwambie muuguzi ukweli.

Yule wa bajaji nilimwomba aandike yote yanayomkaa kichwani. Yalikuwa tisa. Nikamwambia achague moja tunaloweza kulisogeza wiki hiyo, akachagua hesabu ya bosi, yaani pesa anayompelekea mwenye bajaji, kwa sababu kila alfajiri aliamka saa tisa akiipiga kichwani: ya juzi, ya jana, ya leo. Kazi ya kikao cha kwanza ikawa kuandika deni lote kwenye daftari na kwenda kwa bosi nalo, akiwa na pendekezo la kulipa kidogo kidogo siku za Jumapili. Alikwenda siku ya nne. Bosi alikubali nusu ya pendekezo.

Tulikubaliana vikao sita, kwa bei aliyoitaja yeye, kwa M-Pesa, kila baada ya kikao. Cha nne kilikuwa Jumanne iliyopita. Aliniambia amelala hadi adhana ya alfajiri, kisha akanyamaza muda mrefu, nikasikia magari ya barabarani, halafu akaanza kunisimulia kuhusu mke wake aliyerudi kwao.