Gharama ya Kesho na Mwenye Kuilipa

Hadithi fupi ya kisayansi huijenga jamii ya kesho kwa kubadilisha kanuni moja ya maisha ya leo na kuziacha nyingine zilivyo. Maji yanagawiwa kwa kipimo, au watu wamehamia chini ya ardhi, au mashine imekabidhiwa kazi ya kuamua nani apone. Mwandishi wa riwaya anazo kurasa mia tatu za kueleza serikali, ibada na mavazi ya watu wake. Wa hadithi fupi ana kurasa kumi au ishirini. Kwa hiyo huchagua kanuni moja, kisha humtafuta mtu mmoja anayeumizwa nayo na kukaa naye mpaka mwisho. Roketi na roboti ni vyombo tu. Kinachomsumbua msomaji baada ya kufunga kitabu ni swali lile lile: jamii hii inaishi kwa gharama ya nani, na huyo anayelipa aliulizwa?

Kazi hiyo isichanganywe na utabiri. Waembu wanamkumbuka Ireri wa Irugi, mwonaji anayesemekana kuwa aliona ujio wa Wazungu kabla haujatokea. Mwonaji husema jambo litakalokuwa, na watu humpima kwa kungoja. Mwandishi wa hadithi za kisayansi hasemi litakuwa. Anasema: tuchukulie kwamba limekuwa, je, tutaishije? Kwa sababu hiyo hadithi iliyokosea kabisa kuhusu mitambo ya baadaye inaweza kuwa na thamani kubwa hata baada ya miaka mia moja. Mfano ni “The Machine Stops” ya Mwingereza E. M. Forster, iliyochapishwa mwaka 1909. Humo kila mtu anaishi peke yake katika chumba chini ya ardhi, akihudumiwa na Mashine na kuzungumza na wenzake kupitia mitambo. Mama aitwaye Vashti anasitasita kusafiri kwenda kumwona mwanawe Kuno ana kwa ana. Mgogoro unaanzia katika safari hiyo moja.

Swali la nani alipe lilikuwa na simulizi yake miongoni mwa Wameru tangu zamani. Mapokeo yao yanasema kwamba waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambapo baadhi ya wanahistoria hupahusisha na visiwa vya karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na Nguu Ntune, watu wekundu, waliowatwisha kazi zisizowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki wa kufika mbinguni. Kila sharti likitimizwa, lingine linatolewa. Hatimaye, wakiongozwa na Koomenjwe, walitoroka usiku wakafika kwenye maji. Maji hayakupasuka bure. Masimulizi yanamtaja Gaita, mtu aliyekubali kuwa sadaka ili wengine wavuke. Waliovuka gizani wakawa Njiru, waliovuka alfajiri wakawa Ntune, na waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakawa Njeru, na mgawanyo huo wa koo umekumbukwa hadi leo.

Simulizi hii ina viungo vyote ambavyo hadithi ya jamii ya kubuni huvihitaji. Utawala wa Nguu Ntune hauchapi viboko tu. Unatunga masharti yanayoonekana kama haki huku yakiwa hayana njia ya kutimizwa, na huo ni ukatili wa akili zaidi kuliko ule wa fimbo. Ukombozi nao una bei. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba Gaita aliombwa, akajibu, na jina lake likahifadhiwa.

Simulizi hiyo ikiwekwa kando ya hadithi mbili mashuhuri za Marekani, tofauti inaonekana wazi. Katika “The Ones Who Walk Away from Omelas” ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1973, mji mzima una furaha, afya na sherehe kwa sharti kwamba mtoto mmoja afungiwe katika chumba cha chini, mchafu na mwenye njaa, asiambiwe hata neno moja la huruma. Raia wote wanajua. Wengi hulia kwa muda, kisha huzoea. Wachache huondoka mjini bila kurudi. Mtoto huyo hana jina, wala hakuna aliyemwuliza. Katika “The Cold Equations” ya Tom Godwin, ya mwaka 1954, rubani wa chombo cha dharura anapeleka dawa kwenye sayari ya mbali, akagundua kwamba msichana amejificha ndani kwa hamu ya kumwona kaka yake. Mafuta yamepimwa kwa uzito wa rubani na mzigo wake, basi. Msichana asipotupwa nje, wote watakufa pamoja na wagonjwa wanaongoja. Msichana anaelezwa, analia, anaandika barua, kisha anakubali.

Hadithi ya Godwin imebishaniwa kwa miongo mingi, na ubishi wenyewe una mafunzo kuliko hadithi. Kwa usomaji wa kwanza, hakuna mwenye hatia: hesabu ni hesabu. Kwa usomaji wa pili, hatia ipo, lakini imefichwa nje ya chombo. Kuna watu waliokaa ofisini wakaamua kwamba chombo kisiwe na akiba ya mafuta, na kwamba mlango wake ulindwe kwa kibao cha onyo peke yake. Mwandishi amewaondoa jukwaani, akatuachia rubani mwema na sheria ya maumbile. Usomaji huu wa pili ndio wa haki. Kanuni ya jamii ya kubuni haidondoki kutoka mawinguni. Imeandikwa na mtu, na hadithi inayomficha mtu huyo imemnyima msomaji nusu ya ukweli.

Afrika Mashariki imelijibu swali la nani alipe kwa namna yake. Mfano unaojulikana sana ni filamu fupi “Pumzi” ya Wanuri Kahiu wa Nairobi, ya mwaka 2009, ambayo ina ukubwa na mwendo wa hadithi fupi. Miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji, watu wa jamii iitwayo Maitu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena, umeme huzalishwa kwa miguu ya raia juu ya mashine za mazoezi, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Asha, mhifadhi wa jumba la makumbusho, analetewa udongo usiojulikana ulikotoka. Anaotesha mbegu humo, mbegu inachipua. Baraza linamnyima ruhusa ya kutoka nje, kwani kwao nje kumekufa. Anatoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi, anatembea jangwani, anaupanda mche, na kuumwagia maji yake ya mwisho na jasho la mwili wake. Asha analipa kama Gaita, kwa hiari. Lakini hakuna aliyemtuma, na waliobaki ndani ya jengo hawajui kama amekufa kwa ajili yao.

Katika Kiswahili, jamii za kubuni zimejengwa zaidi kwenye riwaya na tamthilia. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986, aliandika Walenisi, riwaya ya 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, naye anajifunza kukiongoza na kutua katika nchi yenye usawa. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitunga Kifo Kisimani mwaka 2001. Nchi yake ya Butangi haina mtambo wowote, lakini kanuni moja inatosha: kisima chema ni cha mtawala Bokono. Mwelusi anapigania maji ya umma na anauawa pale kisimani na ndugu yake Gege. Kwa msomaji wa Marimanti au Gatunga huko Tharaka, ambako mvua ikikosa misimu miwili watu hutembea mbali na mitungi ya plastiki mgongoni mwa punda, hiyo si njozi ya mbali. Kwa upande wa hadithi fupi, “Tumbo Lisiloshiba” ya Said Ahmed Mohamed, iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, inalileta jitu linalokula chakula chote mkahawani na kuahidi kurudi kesho yake, na kesho yake zikaja tingatinga kubomoa mtaa wa wanyonge.

Kazi hizi tatu zina udhaifu mmoja unaofanana: mara nyingi msomaji anajua mapema nani mwovu. Mgogoro wa kimaadili hukomaa pale kanuni yenyewe inapokuwa njema. Historia ya Meru ina tukio linaloonyesha jambo hilo. Mnamo Aprili 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke, chini ya serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Madhara ya desturi hiyo ni makubwa, na tangu 2011 sheria ya Kenya inaikataza waziwazi. Lakini mwaka 1956 wasichana wengi waliikaidi amri kwa kukeketana wenyewe kwa wenyewe, na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika. Wazee wanaume waliamua jambo la miili ya wasichana bila kukaa nao, na wasichana wakajitetea kwa kujidhuru. Hadithi fupi ya jamii ya kesho ingeweza kujengwa juu ya umbo hilo hilo: amri ya kuokoa watu, iliyoandikwa na wasioguswa nayo.

Malighafi nyingine iko kwenye maji. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote za Mlima Kenya, imepungua sana tangu ilipopimwa mwaka 1934. Mito ya Rupingazi, Thuci, Nithi na Kathita hushuka kupitia mashamba ya chai na kahawa, ambako mabomba na mifereji huchota, kisha hufika Tharaka na Mbeere kukavu. Kando ya Mbeere yapo mabwawa ya mto Tana: Kindaruma ya 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988. Familia zilihamishwa ili Nairobi ipate umeme, na baadhi ya waliobaki ng’ambo ya maji waliendelea kusomea taa ya mafuta kwa miaka mingi.

Tuseme basi ni mwaka 2070, na lango la maji kwenye Rupingazi linafunguliwa na programu inayopima mvua, mazao na idadi ya watu. Hadithi dhaifu itamweka chifu mla rushwa anayeiba maji. Hadithi yenye nguvu itaiacha programu iwe sahihi: kijiji cha Mbeere chenye wazee kumi na wawili kifungiwe ili mji wa watu elfu hamsini unywe. Mlinzi wa lango ni msichana ambaye nyanya yake yuko miongoni mwa wale kumi na wawili, na ufunguo wa mkono bado umetundikwa ukutani. Kisha msomaji aonyeshwe kikao ambamo hesabu ile iliandikwa, nani alikuwapo, na kwamba hapakuwa na mtu wa Mbeere.

Walimu wa Kiswahili wa Embu, Chuka na Meru wanaosimamia insha za kubuni wawape wanafunzi zoezi la namna hiyo, na wawadai jambo moja kabla ya kusahihisha sarufi: kila kanuni ya jamii waliyoibuni iwe na mwandishi wake, na mwandishi huyo aonekane ndani ya hadithi.