Okidi za Nyanda za Juu: Ua, Nondo na Kiazi

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya kwa njia kuu, afikapo Igawa huvuka Mto Mbarali. Mahali hapa ndipo palipokuwa mpaka wa mikoa ya Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, hata ulipozaliwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Mkono wa kuume ni tambarare ya Usangu, nchi ya joto na mashamba ya mpunga. Mkono wa kushoto imesimama milima ya Kipengere, ambako mto huu hushuka. Watu wengi hupita Igawa macho yao yakiwa barabarani au kwenye sahani ya wali. Wachache hukumbuka kuuliza juu ya milima ile kuna nini.

Juu ya milima ile, msomaji mpendwa, kuna maua. Ukitoka Igawa ukafika Chimala, huikuta njia iitwayo Hamsini na Saba, nayo imepewa jina hilo kwa hesabu ya kona zake. Ukizimaliza kona hizo salama, unatokea Matamba, na mbele yake ni uwanda wa Kitulo, mahali palipoinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Huko kuna baridi, kuna ukungu, na miti ni michache. Lakini mvua zianzapo mwezi wa Novemba mpaka zimalizikapo mwezi wa Aprili, nyasi zote huvaa rangi. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Serikali ya Tanzania ilipafanya kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, nayo ni hifadhi ya kwanza katika nchi za joto za Afrika iliyowekwa hasa kwa ajili ya mimea, wala si kwa ajili ya simba na tembo. Katika maua hayo, aina zipatazo 45 ni za jamaa moja tu, jamaa ya okidi, nazo ndizo tunazotaka kuzieleza leo.

Okidi ni ukoo mkubwa mno. Wataalamu wamekwisha hesabu aina zaidi ya 25,000 duniani. Nyingine huota juu ya magome ya miti, mizizi yake ikining'inia hewani, wala haziunyonyi mti kama wengi wanavyodhani. Hukaa juu yake tu kama mpangaji akaavyo ghorofani. Nyingine huota ardhini, na chini yake zina viazi. Hizo za Kitulo aghalabu ni za ardhini. Tutaona baadaye ni msiba gani umezifikia kwa sababu ya viazi hivyo.

Kwanza tuliangalie ua lenyewe. Maua mengi tuyajuayo yana chavua, yaani ule unga wa manjano ushikao kidoleni uligusapo ua. Chavua ya ua moja haina budi kufika katika ua jingine la aina ile ile ndipo mbegu ipatikane. Mwenye ndugu Maskati anaijua habari hii bila ya kufundishwa, kwani huko mtende dume na mtende jike ni miti mbalimbali, na kila mwaka mkulima hupanda juu akalipeleka shada la dume katika karara la jike kwa mkono wake. Asipofanya hivyo, tende hazishiki vizuri. Na waliosoma habari za Madina watakumbuka kuwa jambo hili la kupandisha mitende lilikuwako tangu zama za Mtume, naye aliwaachia wakulima wautumie ujuzi wao wa mambo ya dunia.

Okidi haikutegemea upepo wala mkono wa mtu. Chavua yake si unga. Imegandamana ikawa vidonge viwili vidogo vyenye gundi chini yake. Mdudu aingiapo kutafuta asali, gundi hiyo humshika kichwani, au machoni, au kwenye ulimi, naye huondoka amebeba mzigo asioujua. Afikapo ua la pili, vidonge hugusa mahali panapotakiwa, na kazi imekwisha. Kwa vidonge viwili tu ua moja hupata mbegu maelfu kwa maelfu. Lakini vidonge vikipotea njiani, basi vimepotea vyote, hakuna akiba. Hivyo ua linamhitaji mdudu mwenye kipimo chake sawasawa, wala si yeyote apitaye.

Mfano bora wa jambo hili watoka Bukini. Huko kuna okidi nyeupe yenye mkia mwembamba kama mrija, urefu wake wapata sentimita 30, na asali yake yote iko chini kabisa. Mwaka 1862 mtaalamu wa Kiingereza, Charles Darwin, alipelekewa ua hilo, akasema kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho, ingawa hakuna aliyepata kumwona. Wapo waliomcheka. Darwin akafa mwaka 1882, na mwaka 1903 nondo yule akatangazwa na kupewa jina. Nduguye wa karibu yuko huku bara, Afrika ya Mashariki, naye huruka usiku na ulimi wake ameukunja kama waya wa saa.

Kwetu nako zimo okidi nyingi nyeupe zenye mikia. Mchana hazina harufu ya maana. Jua likichwa hunukia kuliko asumini. Weupe na harufu ndiyo taa na sauti ya kumwita nondo gizani. Wataalamu waliozichunguza okidi za namna hii Kenya, katika maandishi yao ya mwaka 2007, walikuta jambo la ajabu zaidi: asali iliyo karibu na mdomo wa mkia ni nyepesi, na kadiri ushukavyo chini ndivyo utamu unavyozidi. Basi nondo aonjapo tone la kwanza hutaka kuzamisha ulimi mpaka mwisho, na hapo kichwa chake hugusa vidonge. Mchuuzi hodari wa halua hakupata kubuni hila iliyo bora kuliko hiyo.

Wala si okidi zote zilipazo. Yakadiriwa kuwa thuluthi moja ya aina zote hazina asali hata tone, bali hujifananisha na maua jirani yaliyo na asali. Huko Afrika ya Kusini iko okidi nyekundu imwigayo jirani yake kwa rangi, na kipepeo mmoja huendelea kudanganyika. Udanganyifu huo una masharti yake: tapeli asizidi kuwa wengi kuliko wakweli, kwani wadudu wakikosa asali mara nyingi hulihama eneo zima.

Mwanadamu naye amejifunza kuifanya kazi ya mdudu. Vanila, ambayo akina mama huitia katika keki, ni tunda la okidi itambaayo, na asili yake ni Meksiko. Ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua bila ya kuzaa, maana nyuki wake hakuwako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, alivumbua namna ya kulifungua ua kwa kijiti na kuligandamiza kwa kidole gumba. Wakulima wa vanila wa Komoro, Uganda na Kagera wafanya vivyo hivyo mpaka leo, ua moja moja, tena asubuhi, kwani ua la vanila halidumu zaidi ya siku moja. Watu walitajirika kwa kidole cha mtoto yule. Yeye aliachwa huru mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880, na walikuwako mabwana waliojaribu kumnyang'anya hata sifa ya uvumbuzi wake. Twaona ni haki jina lake litajwe kila chupa ya vanila ifunguliwapo.

Sasa turudi milimani. Ua likisha kuchavushwa, kibofu cha mbegu hukauka na kupasuka, nazo mbegu huruka kama vumbi. Mbegu ya mahindi ina unga ndani, chakula cha mche mchanga. Mbegu ya okidi haina akiba yoyote. Haiwezi kuota porini mpaka ikutane na ukungu maalumu wa udongoni uilishe. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeivumbua siri hiyo mwaka 1899. Kwa hiyo katika mbegu elfu nyingi huenda hata moja isiote, na ile iotayo huchukua miaka kabla haijachanua. Mmea wa namna hii ukiisha hausimami tena upesi.

Nao waishilizwa. Okidi za ardhini huwa na viazi viwili: kimoja cha zamani, kilichosinyaa kwa kulisha shina la mwaka huu, na kimoja kipya kigumu, kilichobeba uhai wa mwaka ujao. Zambia kuna chakula kiitwacho chikanda. Viazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizosagwa, chumvi, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana na kukatwa vipande kama nyama. Si chakula kigeni kwa jinsi ulimwengu ulivyo: sahlabu ya moto inywewayo Uturuki, Misri na Shamu wakati wa baridi nayo asili yake ni unga wa viazi vya okidi, na kilo moja ya unga huo yataka viazi zaidi ya elfu. Waturuki wameona hatari, wakakataza unga wa asili kuuzwa nje ya nchi yao.

Zamani chikanda ililiwa vijijini tu. Ilipopendwa mijini, Wazambia walimaliza viazi vya kwao, na wanunuzi wakageukia Nyanda za Juu za Kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi baina ya 2,200,000 na 4,100,000 vya kutoka Tanzania huliwa Zambia kila mwaka. Njia kuu ya kutoka upande wa Njombe na Makambako kwenda mpakani Tunduma ndiyo hii ipitayo Igawa. Mchimbaji huchukua kile kiazi kipya, maana cha zamani hakina faida. Tena mmea huu wakati wa kiangazi hufa juu ukajificha ardhini; huonekana wakati wa majani na maua tu, kabla mbegu hazijakomaa. Hivyo hupotea mambo mawili kwa jembe moja: mmea wenyewe na wanawe. Na mimea iliyosalia ikiwa moja moja, mbalimbali, mdudu hukosa sababu ya kupita pale.

Hatuwalaumu wachimbaji kwa wepesi. Wengi ni watu wa vijiji vya baridi wenye fedha kidogo na karo ya kulipa. Walakini viazi hivi havilimwi kama viazi mviringo vya Makete. Vya mwituni vikiisha, karo ya mwaka wa pili itatoka wapi? Heri juhudi hiyo ingeelekezwa katika parachichi na pareto, ambavyo ardhi ile yavikubali.

Huenda bibi wa nyumba atauliza kama aweza kuwa na okidi barazani kwake. Naam, aweza, ila asiichimbe Kitulo. Okidi ya mita 2,600 ikishushwa Igawa au pwani hufa kwa joto. Na anunue kwa mkulima anayezizalisha, achague zile za juu ya miti. Aifunge kwenye kipande cha gome au kifuu cha nazi kwa uzi laini, asiizike katika udongo. Mizizi yataka hewa. Ainyunyizie maji asubuhi ili ikauke kabla ya usiku, aiweke chini ya kivuli chepesi, na majani yakigeuka kijani cha giza bila ya kutoa maua, aisogeze kwenye mwanga zaidi. Akipenda kuichavusha, njiti ya meno yatosha: aguse vidonge kwa ncha, avipeleke katika shimo lenye utelezi katikati ya ua jingine. Asikatwe tamaa mbegu zisipoota chunguni, maana yule ukungu hayupo. Wenye mashamba makubwa huziotesha katika chupa zenye sukari, kwa njia iliyoonyeshwa na Mmarekani Lewis Knudson mwaka 1922.

Na anayetaka kumpelekea jamaa yake wa Maskati au London mche wa okidi ajue kwamba okidi zote zimo katika mkataba wa mataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mche hai au kiazi hakivuki mpaka bila ya kibali. Maganda ya vanila yaliyokaushwa hayamo katika sharti hilo.